NYUMBA NA SHAMBA: Lango la Mbao Lisipinde

Masika yakiisha, msomaji, tembea pole pole katika barabara yo yote ya kijiji huku kwetu Nyeri, utazame malango ya watu. Utaona moja limefungwa kwa waya kwa kuwa komeo halifikii tena tundu lake. La pili limeegemezwa jiwe. La tatu lakwaruza ardhi likifunguliwa, na pembe yake ya juu imetoka mbele kama sikio la mbuzi. Ukimwuliza mwenye nyumba kisa chake, aghalabu atakujibu, "Fundi aliniharibia kazi."

Nami nilisema hivyo, tena mbele za watu, na haikuwa kweli. Kwa hiyo juma hili nitaeleza sababu za lango la mbao kupinda na njia za kulizuia, nikianza na lango langu mwenyewe.

LANGO LA WAGENI

Mwaka ule dada yangu alikuwa akiposwa, na wageni wa upande wa mume walitazamiwa kufika kwetu mwezi wa Desemba. Ua wetu ulikuwa na lango la fito tu. Nikaona haya. Mimi ni karani wa Serikali, na tangu baba yetu afariki mimi ndimi mkubwa wa nyumba. Sikutaka wageni wa namna hiyo wapite penye fito. Katikati ya Novemba, mvua za vuli zikinyesha kila siku, nilikwenda penye mashine ya kupasulia mbao nikanunua saipresi iliyopasuliwa juma lile lile. Bei yake ilikuwa rahisi kuliko ya mbao kavu zilizokuwa ghalani. Ukiishika, kiganja chako kilibaki na umajimaji.

Kazi nikampa kijana seremala aliyekuwa ameanza karibuni kufanya kazi yake kando ya soko. Alipoinua ubao wa kwanza aliupima kwa mkono, akaniambia kwa adabu, "Karani, mbao hizi zina maji bado. Tungoje mpaka Februari." Nikamjibu kwamba wageni hawangoji Februari. Basi akaliunda lango la futi 10, mabawa mawili yakutanayo katikati, kila bawa futi 5 kwa upana na futi 5 kwa kimo. Kazi ya mkono wake ilikuwa nzuri. Kisha tukapaka rangi ya kijani mara mbili upande wa barabarani. Rangi ilipokwisha katika kopo aliniuliza kama nitanunua kopo la pili kwa ajili ya upande wa ndani. Nikamwambia, "Wageni hawatakwenda kutazama mgongo wa lango."

Wageni walikuja, wakalisifu lango, na posa ikakubaliwa. Mwisho wa Januari jua likawa kali. Bawa la kushoto likaanza kutoa pembe yake ya juu, kwanza upana wa kidole kimoja, baadaye vidole vitatu. Mbao zikaachana hata ukaweza kuona barabara katikati yake. Komeo likakataa kuingia, tukafunga kwa waya. Jioni moja ya mwezi wa Machi mtoto alisahau waya. Ng'ombe wetu wa maziwa akasukuma kwa kichwa, akatoka, na asubuhi tukamkuta katika kabichi za jirani. Kabichi zile jirani alikuwa amekwisha kuzihesabia karo ya mwanawe. Nililipa shilingi 4,500, na kwa muda mrefu baada ya hapo alinisalimu kwa kichwa tu, bila kunipa mkono.

Hasira yangu ilimwangukia yule kijana. Alikuwa bado ananidai shilingi 3,000 za ufundi. Nikamwambia sitamlipa. Tena sokoni nikawaonya watu wawili watatu wasimpe kazi. Mmoja wao alikuwa karibu kumpa kazi ya madirisha ya nyumba nzima, naye hakumpa.

BAHASHA YA KAKI

Baadaye nikamwendea mzee mmoja aliyestaafu useremala, mtu aliyejifunza kazi hiyo misheni tangu ujana wake, nimwombe aniundie lango jingine. Nikamsimulia ubaya wa fundi wangu. Mzee alinisikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza mambo matatu tu: mbao zilipasuliwa lini, zilikaushwa wapi, na rangi ilipakwa pande ngapi. Nikamjibu.

Hakusema neno. Alichukua bahasha kavu ya kaki niliyokuwa nayo mkononi, akailaza juu ya meza yake ya kazi, akalowesha kitambaa na kupangusa upande wa juu. "Tazama, mwanangu," akasema. Haukupita muda mrefu bahasha ikaanza kusogea yenyewe: katikati ikainuka kama mgongo wa kobe, na kingo zikajikunja chini.

"Nani ameipinda?" akaniuliza.

"Maji, Mzee."

"Maji ya upande mmoja. Ningelowesha pande zote mbili sawasawa, ingelala kama ilivyokuwa. Wewe ulifunga uso wa lango kwa rangi, ukaacha mgongo wake wazi unywe mvua na kuungua na jua. Tena ulilitengeneza kwa mti ambao ulikuwa bado haujakauka. Huyo kijana alikuambia?"

"Aliniambia."

"Basi unataka nikuundie lango la nini?"

Nilirudi nyumbani na bahasha ile mfukoni. Yafuatayo ni mambo aliyonifundisha mzee yule katika siku nyingine nilizokwenda kwake, pamoja na yale niliyoyasoma na kuyajaribu mwenyewe.

KWA NINI MBAO HUPINDA

Ubao umefanyika kwa nyuzi nyembamba mno zilizolala pamoja kama mabua katika tita, na kila uzi una tundu ndani yake. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji yaliyo mazito kuliko mti wenyewe ukiwa mkavu. Maji yaliyo katika matundu ya nyuzi hutoka kwanza, na kutoka kwake hakubadili ukubwa wa ubao. Lakini unyevu ukishuka hata kufika karibu 30 kwa mia ya uzito wa mti mkavu, kuta za nyuzi zenyewe huanza kukauka, na hapo ndipo ubao huanza kupungua.

Wala haupungui sawa pande zote. Kwa urefu hupungua kidogo mno, hata hatuna haja ya kuhesabu. Kwa upana, ukifuata mzunguko wa pete za mti, hupungua karibu mara mbili kuliko ukipima kutoka kiini kwenda kwenye ganda. Kwa sababu hiyo ubao uliopasuliwa kandokando ya gogo hubenuka: ule uso uliokuwa karibu na ganda hupungua zaidi, ukaingia ndani kama kigae. Ubao wa inchi 6 ukikauka tangu ubichi waweza kupungua hata robo ya inchi. Bawa langu la futi 5 lilikuwa na mbao 10 za namna hiyo, kwa hiyo nafasi zote pamoja zaweza kufika inchi 2 na nusu. Si ajabu niliiona barabara.

Ubao waweza kuharibika kwa namna tatu. Waweza kubenuka kwa upana kama kigae. Waweza kupinda kwa urefu kama upinde. Na waweza kusokoteka kama nguo inayokamuliwa, ndipo pembe tatu za lango hutulia na ya nne ikatoka. Namna hii ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote kwa lango, kwa kuwa hakuna komeo litakaloivumilia.

Tena jambo hili haliishi siku mbao zinapokauka. Ubao mkavu hunywa tena unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua, mwaka hata mwaka. Hatuwezi kuuzuia kabisa. Kazi yetu ni mbili tu: mti uwe umekwisha kukauka kabla haujaundwa, na baadaye ule unyevu uingie na kutoka pande zote kwa kiasi kimoja. Maagizo yote yaliyo hapa chini yanatoka katika hayo mawili.

KUCHAGUA MBAO

Mvule hutulia sana, lakini si kila mfuko utakaouweza. Katika sehemu zetu za milimani wengi hutumia saipresi, mti uliotoka Meksiko na Amerika ya Kati, nao wafaa kwa lango ikiwa ulikomaa na umekaushwa vema. Mgrivilea wafaa pia, ukichaguliwa vizuri. Mkaratusi una nguvu, lakini ndani yake mna mvutano mkubwa. Mara upasuliwapo mbao zake huanza kupasuka na kujipinda. Yafaa kuuweka kwa nguzo, wala si kwa mbao za lango.

Msomaji ajue pia kwamba mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na zuio hilo likadumu zaidi ya miaka 5. Katika muda huo wauza mbao walitegemea sana miti ya mashamba ya watu, na mkulima mwenye haja ya fedha aghalabu hukata mti ungali mchanga. Mti mchanga una mbao nyingi za karibu na kiini, nazo ndizo zisokotekazo kuliko nyingine. Kwa hiyo usimwamini mwuzaji kwa maneno tu. Tazama mwenyewe mambo haya:

(1) Tazama kichwa cha ubao. Ukiona kiini cha mti, yaani ile nukta ya katikati ya pete, kimo ndani ya ubao, uuache. Pete zikisimama wima kutoka uso hata uso, ubao huo utatulia. Zikilala kama upinde mpana, utabenuka.

(2) Inua ubao usawa wa jicho, ufumbe jicho moja, uutazame kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha. Uliopinda leo hautanyoka kesho.

(3) Tazama nyufa ndogo juu ya uso wake. Zikienda mshazari badala ya kufuata urefu wa ubao, nyuzi za mti huo zilijizungusha ulipokuwa ukikua, na ubao utasokoteka.

(4) Chagua mbao za inchi 4 kuliko za inchi 6 au 8. Ubao mwembamba hubenuka kidogo, na kupungua kwake ni kudogo.

KUKAUSHA

Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana kukausha hakuna kazi nyingi ila kuna kungoja. Mithali husema samaki hukunjwa angali mbichi. Ubao mbichi hauhitaji mtu wa kuukunja. Ukiachwa ovyo hujikunja wenyewe.

Chagua mahali penye kivuli na upepo, chini ya paa, wala si juani. Panga mawe au magogo ili safu ya kwanza iwe futi 1 na nusu juu ya ardhi. Kati ya kila safu na safu weka vijiti vikavu vya unene wa inchi 1, kila baada ya futi 2. Vijiti vya safu zote visimame juu ya vingine katika mstari mmoja. Kijiti kilichokaa nje ya mstari huukunja ubao ulio juu yake. Vichwa vya mbao hutoa maji upesi kuliko nyuso, ndiyo sababu hupasuka. Vipake rangi ya mafuta nzito siku ile ile mbao zifikapo. Juu ya mrundo weka mawe mazito, uzito uenee sawasawa.

Mbao za saipresi zenye unene wa inchi 1 huhitaji miezi 2 au 3 ya kiangazi. Zilizo nene huhitaji zaidi, na katika majira ya baridi na ukungu muda huongezeka tena. Lakini usihesabu miezi tu. Chukua ubao mmoja uliopo katikati ya mrundo, uupime kwa mizani kila juma na kuandika uzito wake katika daftari. Ukiona majuma 3 mfululizo uzito haushuki, mbao zimekauka kwa kadiri hewa ya mahali pale inavyoweza kuzikausha.

Atakaye kujua kwa hesabu na afanye hivi. Akate kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kichwani, akipime mara moja. Kisha akikaushe katika jiko la kuokea kwa moto wa wastani, bila kukiunguza, mpaka kisipungue tena, akipime mara ya pili. Tuseme mara ya kwanza kilikuwa gramu 560, na mara ya pili 500. Maji yalikuwa gramu 60. 60 kwa 500 ni 12 kwa mia. Kwa lango la nje katika nchi yetu ya juu, kati ya 12 na 16 kwa mia yafaa.

KUUNDA LANGO

Msomaji aliyefika Lamu au Mombasa ameiona milango mizito ya zamani iliyochorwa nakshi. Watu husifu nakshi iliyo mbele, lakini seremala na atazame nyuma: ataona mbao nene zimeshikwa na mbao nyingine zilizokingama, zimefungwa kwa nguvu. Zile za kukingama ndizo zinazozikataza mbao za mbele kubenuka. Nasi tufuate njia hiyo.

Kila bawa liwe na fremu yake: mbao mbili za kusimama na tatu za kukingama, unene wa inchi 2 na upana wa inchi 4. Ziunganishwe kwa tundu na ulimi, kwa gundi isiyoharibika kwa maji, na kigingi cha mti mgumu. Kupigilia misumari tu penye pembe hakutoshi, kwa kuwa pembe iliyolegea huliacha lango lisokoteke.

Kisha uwekwe ubao wa mshazari. Wengi huuweka kinyume. Uanze chini penye bawaba, upande mpaka juu penye komeo. Mti una nguvu ukisukumwa kwa urefu wake, na kwa njia hii uzito wa upande wa komeo husukumwa chini kwenye bawaba. Ukitumia waya badala ya mti, geuza: waya uanze juu penye bawaba ushuke chini penye komeo, maana kazi ya waya ni kuvuta.

Mbao za uso zisibanwe. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya unene wa msumari wa inchi 3. Msumari wenyewe uwe kipimo chako. Penye kila ubao wa kukingama piga misumari 2 iliyopakwa zinki, nayo iwe karibu na katikati ya ubao, si kandoni kabisa. Ubao ulioshikwa kingo zote mbili hauna nafasi ya kupungua, na kwa kuwa lazima upungue, utapasuka.

Kabla ya kulitoa lango mezani, funga nyuzi mbili kutoka pembe hata pembe, zikatane katikati. Zikigusana tu bila kusukumana, pembe zote nne ziko katika uso mmoja. Kukiwa na nafasi kati ya nyuzi, au mmoja ukiusukuma mwenziwe, lango limesokoteka tayari, na litengenezwe hapo hapo. Uandike siku hiyo, urudie kipimo baada ya kila majira ya mvua.

RANGI

Rangi ni kinga kabla ya kuwa pambo. Kwa hiyo rangi ya msingi ipakwe kabla mbao hazijaunganishwa, pande zote 4 za kila ubao na vichwa vyake vyote viwili. Vichwa vipakwe mara 3, kwa kuwa ndivyo vinywavyo maji kuliko sehemu nyingine yo yote. Lango likiisha kuundwa, rangi ya mafuta ipakwe mara 2 mbele na mara 2 nyuma. Ukipaka mbele mara 3, na nyuma mara 3. Asiyekuwa na fedha za pande zote mbili ni afadhali apake kila upande mara moja, kuliko kupaka uso mara mbili na kuuacha mgongo mtupu.

Kosa kama hilo ni kupigilia bati upande mmoja wa lango la mbao. Upande wa bati hauoni mvua wala upepo, upande wa pili waona vyote. Rangi nyeusi au iliyokoza sana, juu ya lango lielekealo jua la jioni, huongeza joto na kukausha uso mmoja upesi. Rangi nyeupe nyeupe ni afadhali.

Wengine hupaka oili chafu ya magari. Siwashauri. Rangi haishiki juu yake baadaye, huchafua udongo, na ina vitu vyenye kudhuru ngozi ya mtu alishikaye lango kila siku, hasa watoto.

KUTUNDIKA

Nguzo iliyoinama hulifanya lango zuri lionekane limepinda. Nguzo za lango la namna hii ziwe nene, inchi 6 au zaidi, zishuke futi 3 ardhini, zisimamishwe kwa timazi. Weka bawaba 3 badala ya 2. Ukingo wa juu wa lango ukatwe mshazari, au ufunikwe kwa ubao mdogo kama kofia, maji yasitulie juu yake. Chini acha nafasi ya inchi 3, matope yasirukie vichwa vya mbao.

Komeo moja la katikati halishiki pembe. Weka kitasa juu na chuma cha kushuka chini kiingiacho katika kipande cha bomba. Katika mwaka wa kwanza lango lifungwe kila jioni, lisiachwe wazi majuma mengi huku bawa moja liko juani na jingine kivulini.

LANGO LILILOKWISHA KUPINDA

Wako watakaolilaza lango chini, walowesha upande ulioingia ndani na kulipandishia mawe. Litanyoka kwa siku chache, kisha aghalabu hurudi. Kwa lango lililosokoteka kidogo, iko njia rahisi. Kama pembe ya juu penye komeo imetoka inchi 1, sogeza bawaba ya chini nje nusu ya inchi. Kosa litagawanyika mara mbili, na jicho halitaliona upesi. Kama ni mbao chache tu zilizobenuka, zing'olewe hizo, zibadilishwe kwa zilizokauka. Na kama fremu yenyewe imesokoteka inchi 2 au 3, kama ilivyokuwa yangu, usipoteze fedha. Itumie kwa banda la kuku.

DENI

Mwezi wa Aprili nilikwenda sokoni siku ya soko, wakati watu ni wengi, maana niliyoyasema niliyasema mbele za watu. Nikamhesabia yule kijana shilingi zake 3,000. Nikamwambia kwamba mbao nilizichagua mimi, haraka ilikuwa yangu, na kopo la rangi nililikataa mimi, ingawa bei yake isingefika nusu ya fedha za zile kabichi. Alizipokea, akashukuru, asiongeze neno la kunitia haya. Mtu mwenye madirisha alikuwa amekwisha kumpa fundi mwingine kazi ile. Hilo sikuweza kulirudisha, na kila nikipita penye nyumba ile ninayaona madirisha.

Nikamwomba aniundie lango jingine. Akaniuliza, "Mbao zimekauka, Karani?"

"Bado hatujazinunua. Tutanunua Juni, tuzipange pamoja, tungoje hata utakaposema zimekauka."

"Hata wageni wakija?"

"Hata wageni wakija."

Tulingoja miezi 4, kwa kuwa Julai huku kwetu ni mwezi wa baridi na ukungu, mrundo haukauki upesi. Mwisho wa Septemba aliunda, na kabla ya mvua za vuli lango lilikuwa limetundikwa, lina rangi pande zote. Sisemi kwamba halikusogea hata kidogo. Ubao mmoja wa bawa la kulia ulibenuka, nasi tukaubadilisha, na nafasi kati ya mbao hupanuka kidogo kila Februari na kupungua tena masika. Lakini nyuzi za pembe hata pembe zingali zagusana, komeo huingia kwa kidole kimoja, na jirani yangu hunipa mkono tena.

Basi, msomaji, ukiwa na lango la kuunda, kabla hujamwita fundi andika katika karatasi mambo manne: nani atachagua mbao, zitakaushwa muda gani, rangi itapakwa mara ngapi na pande ngapi, na fedha zitalipwa lini. Kila mmoja awe na nakala yake. Fundi akikuambia "tungoje", mwulize sababu kabla ya kumjibu.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya nguzo za ua, na jinsi ya kuzikinga na mchwa.